Neno Lililomwoza Nosim

Mapenzi nayajua mimi kuliko mwanamke yeyote aliyewahi kunywa maji ya mto Themi. Nayajua sana, maana nimeyasikia kupitia ukutani: upande wa pili walikuwa majirani, na upande wangu alikuwa marehemu mume wangu, anakoroma. Basi haya ninayosimulia si yangu. Ni ya Nosim binti Lesikar wa Sekei, enzi za Mjerumani, boma limekwisha jengwa, mji wa Arusha ungali maduka machache na vumbi jingi, na mimi sijazaliwa wala sijafikiriwa.

Alasiri hiyo Nosim alikuwa amechuchumaa katikati ya miiba, analia bila kutoa sauti. Mikono ilikuwa inafanya kazi. Alikuwa anafungia vijiti kwenye matambara mabichi, kijiti baada ya kijiti, na kila alichofunga kilikuwa safari. Bustani ilikuwa inahama. Na bustani ikihama, Shomari naye anahama.

Bustani yenyewe ilikuwa ya Mjerumani mmoja mrefu mwembamba, watu walimwita Bwana Miiba. Jina la kwao lilikuwa gumu, kulitamka kulihitaji mate mengi. Alikuwa msomi wa mimea. Wenzake walikuja kupanda kahawa na mkonge. Yeye alikuja kwa ajili ya tunda dogo lisilojaza hata shavu la mtoto. Kwao, alisema, kuna tunda jekundu la miiba, laini kama ulimi, nalo huitwa bere. Ujana wake wote ulikuwa umepotelea kwenye hilo bere. Akaleta vijiti vyake kutoka Ulaya, vikaota, vikarefuka, vikatoa majani mazuri. Maua, hakuna.

"Vinangoja baridi," alisema Bwana. "Kwetu baridi inakuja inaua kila kitu, kisha bere inaamka. Hapa inangoja. Baridi haiji."

Msituni Meru lakini kulikuwa na matunda ya miiba ya kwetu, yanazaa mwaka mzima bila kubembelezwa, ila ni madogo, machachu, na mbegu zake hukaa menoni hadi kesho. Basi Bwana akapata wazo lake. Alivipandisha vile vijiti vya Ulaya juu mlimani, kwenye baridi, na vilipotoa maua mawili matatu, akasema ayaoze na maua ya Meru, wapate mtoto mmoja mtamu na mvumilivu.

Kazi ya kuoza ilikuwa ya Shomari. Kijana wa Pangani, alipanda bara na masanduku ya Bwana, na Mungu alimpa vidole vya mshona kofia. Vya Bwana vilitetemeka kwa homa na kwinini. Nosim yeye aliajiriwa kubeba maji, na siku ya kwanza kumwona Shomari ameinamia ua ambalo halijachanua, analifungua kwa kibano, alisimama na mtungi kichwani.

"Unafanya nini?"

"Naoza."

Nosim akanusa. "Mbona halinuki?"

Shomari alicheka mpaka kibano kikamwanguka. "Si kuoza kwa kunuka, binti. Kuoza kwa harusi. Huyu bibi namtafutia bwana."

"Na hivyo unavyomng'oa?"

"Hivi ni viume vyake mwenyewe, anavyo humo humo ndani. Nisipovitoa atajioa."

"Kwa hiyo unamhasi." Nosim alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Sisi kwetu tunahasi fahali. Hatujafikia kuhasi bibi harusi."

Hapo ndipo ilipoanza. Wengine huanza kwa ua kupewa mkononi, hawa walianza kwa ua kuhasiwa. Nosim akashona vifuko vya bafta vya kufunika yale maua yasije yakaingiliwa na nyuki. Akajifunza Kiswahili chote kinachopatikana katikati ya miiba, na macho ya Shomari akayajua kama njia ya kisimani. Wakifunga uzi kwenye kikonyo kimoja, vidole vyao vilikawia pale kuliko uzi ulivyohitaji.

Na kati ya ndoa zote hizo za maua, nyingi zilipukutika. Mti mmoja tu ulizaa. Tunda lilikuwa kubwa, jekundu, hata Bwana alivua kofia. Lakini ukiligusa linamong'onyoka, na mbegu zake Bwana alizipanda kwenye mchanga, kwenye majivu, kwenye samadi, hazikuota. Wakubwa wake wakachoka kumngoja. Ameitwa aende Amani, kule Usambara, akafanye kazi ya mimea mingine, na mabere yake ayabebe ikiwa anayapenda hivyo.

"Usilie juu ya vijiti," Shomari alisema, akichuchumaa kando yake. "Bwana atasema vimeoteshwa kwa maji ya chumvi."

"Kesho unaondoka."

"Kesho gari la ng'ombe linakwenda Moshi kupanda treni. Kama mimi nitakuwamo, sijui. Leo naenda kwa baba yako."

Nosim aliacha kufunga. "Leo?"

"Nisipokwenda leo nitakwenda lini? Akinikubali, namwambia Bwana atafute vidole vingine. Nitalima hapa hapa. Nitachunga, hata kama ng'ombe wananicheka."

"Wanakucheka kweli. Basi nikutangulie, niseme mimi kwa Kimaa, lugha yetu. Papa Kiswahili chake ni cha njiani."

"Mwanamume hamtumi msichana kwenda kujiposea. Nitasema mwenyewe, kwa heshima, kwa Kiswahili cha kwetu kinachosemwa mbele ya wazazi."

"Shomari, sema maneno machache."

"Nitasema moja tu."

Ni kweli alisema moja. Laiti angesema kumi.

Walimkuta Lesikar ameketi nje kwenye kigoda, mkewe Namnyaki akikamua mbuzi. Nosim alikuwa amemfundisha Shomari adabu ya kwetu: kijana anainamisha kichwa, mzee anakigusa kwa kiganja. Shomari akainama, kofia mkononi.

"Shikamoo, Mzee."

Lesikar alikitazama kile kichwa kama mtu anayetazama boga asilotaka kulinunua. Kiganja chake kikabaki gotini. Shomari aliinama, akaendelea kuinama, mpaka ikawa aibu, akainuka mwenyewe.

"Sema," alisema Lesikar kwa Kiswahili.

"Mzee, mimi ni mgeni, sina baba hapa wala mjomba. Nimekuja na mdomo wangu. Nakuomba kwa heshima zote, umwoze Nosim kwangu."

Mbuzi alilia. Lesikar alisimama polepole sana.

"Umesema nini?"

"Umwoze Nosim kwangu, Mzee."

"Aoze?" Lesikar alimgeukia mkewe, akasema kwa Kimaa, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani: "Huyu mtu amesimama mlangoni pangu anaomba Nosim aoze. Mwanangu aoze! Kama ndizi iliyosahauliwa!"

Namnyaki aliachia kibuyu, maziwa yakamwagika. Kutamka jambo kama hilo juu ya binti ambaye hajazaa, tena mbele ya nyumba ya mama yake, si matusi. Ni laana. Watu hufa kwa hayo, au huishi, ambayo ni mbaya zaidi.

"Yeyo, sivyo!" Nosim alimkimbilia mama yake. "Kiswahili kina kuoza mbili! Hii ni ya kuolewa!"

"Kuoa nakujua," alisema Lesikar. "Angetaka kuoa angesema kuoa. Ndizi huoza. Nyama huoza. Nimekwenda safari na wapagazi kabla hujazaliwa, leo wewe unifundishe?"

"Papa, ndivyo wanavyosema kwao, kwa wazee! Hata maua—"

"Ehe! Maua!" Lesikar alinyoosha fimbo upande wa bustani. "Si wewe uliyetusimulia hapa tukinywa uji wa loshoro, kwamba huko anaoza maua? Yakawaje?"

Nosim alimtazama mama yake.

"Nakuuliza. Yakawaje?"

"Yalianguka, Papa."

"Na yale yaliyozaa, mbegu zake?"

Nosim aliangalia chini. Alikuwa amesimulia yote mwenyewe, akicheka, siku ambazo kumtaja Shomari kwa kisingizio chochote kulikuwa utamu mdomoni.

"Hazikuota," alisema.

"Umesikia, Namnyaki? Kila anachogusa mtu huyu na neno lake hilo, kinakufa. Sasa amelileta kwa mtoto." Akamgeukia Shomari. "Toka."

Shomari alijaribu kusema. Akafungua mdomo, akauogopa, akaufunga. Namnyaki alikuwa amechota maziwa yaliyobaki mkononi, anampulizia binti yake kifuani kuiondoa laana, anamwombea kwa Mungu kwa sauti iliyopasuka, machozi yanachanganyika na maziwa. Huo uso wa mama ndio uliomtoa Shomari pale, si fimbo ya baba. Alirudi nyuma hatua kwa hatua, kofia ingali mkononi, mpaka migomba ikamficha.

Asubuhi Nosim alitoroka kwenda bustanini. Gari lilikwisha pakiwa, ng'ombe wamefungwa nira. Shomari alikuwa anafungasha mti ule mmoja uliozaa, na vidole vyake, vile vidole, vilikuwa vinapapasa uzi kama vya kipofu.

"Nimekuja twende wote," alisema Nosim.

Hakugeuka. "Rudi nyumbani."

"Nitapanda garini Nduruma, mbele huko, watu wasione."

"Nosim, nilimwona mama yako."

"Yeyo hajui Kiswahili. Nitamweleza, ataelewa."

"Lini? Ukiumwa kichwa tu huko Usambara, atasema ni lile neno. Mimba ikichelewa, ni lile neno. Atakulilia ungali hai." Sasa aligeuka, na Nosim akatamani asingegeuka. Macho yalikuwa ya mtu aliyekesha na msiba. "Na mimi je? Nitakutazama kila asubuhi, nikiona umepauka kidogo, nitauliza moyoni: ni mimi?"

"Wewe unajua ulichokusudia!"

"Nilikusudia mema pia nilipooza haya maua." Aliutikisa ule mti, jani moja likadondoka. "Tazama. Mzuri, mrefu, tunda kama kito. Ndani hamna kitu. Bwana ametoa umri wake wote. Labda baba yako ameona tusichokiona sisi. Mimi wa pwani, wewe wa mlimani. Vingine havioani, Nosim, hata ukivifunga uzi."

"Usiniite mti!"

"Sikuiti mti."

"Basi niite mimi! Niite, nikuitike, tuondoke!"

Alimshika ukosi wa kanzu. Shomari aliifunika mikono yake kwa ya kwake, akaishikilia kifuani, na kwa muda huo mfupi hakuna aliyekuwa amelaaniwa. Nosim alisikia moyo wa Shomari ukigonga. Alisikia harufu ya udongo na matambara mabichi. Kisha Shomari akaibandua mikono ile, kidole kimoja kimoja, taratibu, kama alivyokuwa akilifungua ua.

"Nikikupenda," alisema, "nitakuacha mzima."

Akapanda mbele ya gari. Mjeledi ukalia. Nosim alisimama na miiba imemshika nguo, hakuihangaikia. Aliona mgongo wa Shomari mpaka vumbi likaufuta. Hakugeuka nyuma hata mara moja, na ninyi wanawake mnaosoma mnajua: asiyegeuka ndiye anayelia.

Alirudi nyumbani amekufa anatembea. Alipika uji hakuuonja. Mama yake alimshika paji la uso, akatafuta homa, akaonekana kuogopa zaidi alipoikosa. Nosim aliingia ndani akajilaza kwenye ngozi, uso ukutani. Maisha yake aliyaona yote kwa pamoja, marefu, makavu, na hamna mtu ndani yake.

Jua lilikuwa limepanda aliposikia kwato. Bwana Miiba alikuwa ameshuka kwenye nyumbu wake mlangoni mwa Lesikar, peke yake, kofia mkononi, uso mwekundu kama tunda lake.

"Hodi, Mzee," alisema. "Mimi nakuja sema."

Lesikar akainuka haraka, akajikung'uta shuka. Si kila siku Mzungu hupiga hodi. "Karibu, Bwana! Karibu kiti! Namnyaki, maziwa!"

"Gari linakwenda mbele, mimi nitafuata." Bwana aliketi kwenye kigoda, magoti yakamfika kidevuni. "Leo mikono ya Shomari inatetemeka. Zaidi ya mikono yangu! Nauliza, homa? Anasema hapana. Nauliza tena, analia. Mtu mkubwa. Anasema amelaani mtoto wako. Mzee, mimi sina mtoto. Mimi nina mabere tu, na mabere yangu hayazai watoto. Huyu ni kama mtoto. Nimekuja kama baba yake. Mimi naomba Nosim."

Ndani, Nosim alikaa kitako.

"Bwana," alisema Lesikar, na sauti yake ilikuwa laini, ya mtu anayejua kuongea na wakubwa, Kiswahili kinamtiririka kuliko Nosim alivyowahi kukisikia. "Bwana, umenipa heshima kubwa kuja mwenyewe. Kama ungekuja mapema, nani angekukatalia? Lakini umechelewa."

"Nimechelewa vipi?"

"Kuna rafiki yangu Nduruma, Lemburis, rika langu. Ng'ombe wake wakipita asubuhi, vumbi hutua mchana. Alileta asali ya posa mwezi uliopita, nikaipokea. Sasa nitafanyaje? Binti nimekwisha mwoza."

Bwana Miiba alikunja uso, kama anavyofanya msomi akiona kitu kisichokaa mahali pake. "Umemwoza?"

"Nimemwoza, Bwana."

"Kuoza. Kama mimi na maua? Ua la kike kwa ua la kiume?"

"Eeh, hivyo hivyo!" Lesikar alicheka kwa adabu, akampigapiga Mzungu begani. "Kuoza ni kumpa binti mume. Kiswahili kizuri hicho, Bwana, cha pwani. Nilifunzwa na Waswahili wenyewe, safarini. Vijana wa siku hizi hawakijui."

Kisha akahisi kitu, akageuka.

Nosim alikuwa amesimama mlangoni, ameshikilia mwimo. Namnyaki alikuwa nyuma yake na kibuyu, anamtazama mumewe, anamtazama Mzungu, anangoja, maana hakuelewa hata neno moja. Mikono yake ilinuka maziwa ya laana tangu jana.

"Amesema nini?" aliuliza Namnyaki kwa Kimaa. "Nosim, baba yako amesema nini?"

"Namnyaki, mletee Bwana maziwa," alisema Lesikar.

"Nimemuuliza mtoto."

"Ni maneno ya kiume, ya biashara, Kiswahili kigumu tu—"

Basi Nosim akamtafsiria mama yake, yote, la Lemburis na asali yake, na lile neno la jana, na lile la leo. Alitafsiri taratibu, kwa Kimaa, lugha ambamo kuoza ndizi na kuoza binti hayafanani hata herufi, huku Lesikar akiwatazama ng'ombe wake kama mtu aliyeambiwa awatambue naye hawatambui.